Wenzangu wanacheka, mimi nalia bafuni

Swali: "Mama, jambo sana. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Lubumbashi, wazazi wangu wako Kolwezi. Ninakaa homu, bweni la wasichana. Kwenye karatasi chumba chetu ni cha watu wanne, lakini usiku tunalala tisa. Tangu Oktoba usingizi umenipotea, nimefeli kozi mbili, na kila nikitaka kulia naingia bafuni na kuwasha muziki wa simu ili wasinisikie. Wenzangu wanaishi maisha yaleyale na wanacheka. Shangazi ananiambia mvumilivu hula mbivu. Kwenye kozi ya saikolojia walitufundisha kitu kinaitwa reziliensi, uwezo wa kuinuka tena baada ya shida, nikajua kwamba mimi sina. Mtu anazaliwa nayo au inatafutwa? Na je, nimwambie mama? Kuna siku natamani asubuhi isifike."

Mwanangu, jambo sana, na aksanti kwa kuandika.

Naanzia mwisho wa barua yako, maana sentensi ile umeiacha pale kama mtu anayeweka mzigo mlangoni na kukimbia. Kutamani asubuhi isifike kuna sura mbili. Kuna kuchoka: unataka usiku uwe mrefu, ulale, mtu asikuite. Na kuna kutaka kufa. Anayejua ni ipi ni wewe. Kama ni ya pili, hata kama wazo linakuja na kuondoka, na hasa kama umeshafikiria ni kwa njia gani, basi acha kunisoma kwanza. Mwamshe mwenzako unayemwamini, umwambie kwa maneno hayohayo bila kuyapamba, usikae peke yako, na mwende pamoja hospitali leo hii: Kliniki za Chuo Kikuu, Sendwe, au yoyote iliyo karibu. Kile kituo cha afya ya akili cha mafurere (mabruda), cha Joseph Guislain, kipo kwa mambo haya. Najua watu wanavyokiongelea mjini. Si cha wale tu wanaotembea wakiongea peke yao barabarani; msichana asiyelala na anayelia kila siku naye ana haki ya kukaa kwenye benchi lake.

Kama ni kuchoka, twende pamoja. Lakini hata hivyo ushauri ule uuweke akilini, kwa maana uchovu ukikaa muda mrefu hubadilika sura.

Sasa neno lako. Wewe umelikuta reziliensi darasani, mimi nililikuta kitandani. Katika homu niliyokaa nikiwa na umri kama wako, juu yangu alilala msichana wa politekniki. Jioni moja alirudi kutoka maabara na kipande cha chuma mfukoni, kimekatika katikati, akanipa nikishike. Akaniambia hiki tumekipima reziliensi. Kumbe neno ni la wahandisi kabla halijawa letu. Tangu mwaka 1901 wanatumia mashine ya Mfaransa Georges Charpy: nyundo nzito inaning'inia kama mkono wa saa ya ukutani, inaachiwa, inashuka na kupiga kijiti cha chuma chenye urefu wa milimita 55. Kijiti kimechongwa pengo dogo katikati, la milimita 2 tu. Wanapima ni nguvu kiasi gani kijiti kimemeza kabla ya kukatika.

Nilimuuliza kwa nini wanakitoboa pengo kwanza, si kukionea huko? Akacheka, akasema kila chuma kilichoko kazini kina pengo mahali fulani, na pigo huanzia hapo. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelibeba hadi leo. Vyuma vingi vya kawaida vikipigwa siku ya joto hupinda, hujikunja, humeza pigo. Chuma kilekile, kutoka tanuru lilelile, kikigandishwa kwanza kwenye baridi kali, hukatika kama kioo. Hakuna aliyekibadilisha. Kilichobadilika ni hali iliyokizunguka. (Akaongeza, kwa majivuno ya mtu wa Katanga, kwamba shaba yetu haina tabia hiyo, baridi haiivunji hivyo. Sawa, lakini mimi na wewe si shaba.)

Kwa hiyo ukiniuliza kama unayo au huna, nakuuliza kwanza: unaishi katika baridi gani, na pengo lako liko wapi?

Swali la kuzaliwa nayo lilishafanyiwa kazi. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, hadi walipofika miaka 40. Baadhi yao walianza vibaya sana: umaskini, ugomvi wa nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Karibu theluthi moja ya hao walioanza vibaya walikua wakawa watu wazima wenye kujimudu na wenye upendo. Tabia ya kuzaliwa ilichangia, sitakudanganya. Kuna mtoto anayetabasamu na kila mtu anataka kumbeba. Ila jambo lililorudi kila mara lilikuwa mtu. Mtu mzima angalau mmoja asiyeondoka: bibi, jirani, mwalimu. Na jambo ninalolipenda zaidi katika kazi ile ni kwamba wengi walioyumba wakiwa vijana walisimama baadaye, wakiwa na miaka ishirini na kitu au thelathini, walipopata kazi, au mume mwema, au kanisa, au shule ya pili. Inatafutwa, mwanangu. Na mara nyingi inaletwa na mtu.

Wenzako wanaocheka, basi. Hujui joto lao. Mmoja huenda ana yaya yake, dada mkubwa, Katuba, Jumamosi anakwenda kula bukari na sombe, anafuliwa shuka, Jumapili anarudi amejaa. Mwingine labda halipi minervali, ada ya chuo, kwa mkopo wa mjomba anayemkumbusha kila wiki. Na wengine hawako sawa hata kidogo. Niliwahi kupokea wasichana wawili wa chumba kimoja, kila mmoja kwa siku yake, hakuna aliyejua kwamba mwenzake anakuja. Kila mmoja aliniambia mwenzake ni mwamba. Sikuweza kuwaambia, kazi yangu hainiruhusu, lakini siku ile niliumwa tumbo kwa kuzuia ulimi.

Na methali ya shangazi. Namheshimu shangazi, lakini methali ile inaongelea tunda linaloiva. Homu ina mambo yanayoiva kweli ukiyangoja: hamu ya nyumbani ya mwaka wa kwanza, kozi ngumu, ugeni wa kuishi na msichana wa Kamina anayepika vitu usivyovijua. Mengine hayaivi, yanaoza. Asistenti, msaidizi wa profesa, anayekuambia pointi zako zipo, uje uzichukue kwake saa moja usiku, huyo havumiliwi. Mnajua jina la kejeli mlilozibatiza pointi hizo, lile linalofanana na la magonjwa ya zinaa. Tunacheka, lakini sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inayataja manyanyaso ya kingono kuwa kosa la jinai. Hukuandika kwamba una shida hiyo, na huenda huna. Kama unayo, usifute ujumbe wowote, usiende peke yako, na umwambie mtu mzima aliye nje ya fakulte yenu. Usijifunze kustahimili kitu cha namna hiyo.

Turudi kwenye pengo. Nikisoma barua yako, pengo lako ni usingizi. Umesema tangu Oktoba, na Oktoba hapa Lubumbashi kila mtu anaijua: vumbi na joto kabla ya mvua, chumba cha watu wanne kikiwa na pumzi tisa, umeme umekatwa, dirisha limefungwa kwa hofu ya wezi. Mvua zilipoanza joto lilipungua, ila mwili ulikuwa umeshazoea kukesha. Mtu wa umri wako anahitaji saa saba hadi tisa za kulala. Asipozipata kwa wiki kadhaa, analia kirahisi, anakasirika kirahisi, na ulichosoma mchana hakikai, kwa sababu ubongo hupanga masomo usiku tukiwa tumelala. Sishangai kuhusu kozi mbili. Hizo utazirudia kwenye sesio ya pili kama walivyozirudia watu wengi ambao leo unawaita profesa.

Kabla ya yote, pimwa damu. Nasema hivi kwa kila msichana anayekuja akisema moyo wake umechoka. Malaria ya chinichini huchosha, na upungufu wa damu huchosha zaidi. Msichana anayekula mara moja kwa siku, halafu kila mwezi anapoteza damu nyingi, anaweza kuwa chini ya gramu 12 za hemoglobini kwa desilita ya damu na kujiita mvivu mwaka mzima. Bei ya kipimo ni ndogo kuliko bei ya kurudia mwaka.

Kisha chumba. Hao watano wa ziada ni makizari, majina yao hayamo kwenye daftari la homu. Sitawasema vibaya, maana mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mmoja wao. Nililala kwenye sponji kati ya vitanda viwili, na kila aliyeamka usiku alinikanyaga mguu uleule. Huwezi kuwafukuza na sikushauri ujaribu. Ila watu tisa wanaweza kukubaliana mambo mawili: taa na maji.

Kwetu ilikuwa hivi. Tulichukua kopo la nyanya, kubwa, tukakata ubavu mmoja kwa mkasi, tukaweka mshumaa ndani. Mwanga ulitoka kwa upande mmoja tu, ukaangukia daftari, sehemu nyingine ya chumba ikabaki giza. Aliyetaka kusoma hadi saa nane alisoma, na aliyelala alilala. Leo mna tochi ya simu, hata haichomi. Iweke humohumo kwenye kopo. Kitanda cha chini ukizungushie kikwembe kama rido, yaani pazia. Utasema ni kitu kidogo. Mimi nakumbuka usiku wa kwanza wa rido ile kuliko ninavyokumbuka siku nilipopata diploma, kwa sababu ndani yake, kwa mara ya kwanza tangu niingie homu, hakuna aliyeniona.

Maji ndiyo huwa vita. Kama bomba lenu linatoa saa tisa usiku, najua kinachofanyika: mmoja anasikia bidoni, madumu ya maji, za jirani zikigongana, anaruka, wote tisa wanaruka. Usiku umekwisha. Wekeni zamu. Wawili wanaamka kuchotea chumba chote, saba wanabaki wamelala. Kwa watu tisa, zamu yako inafika mara moja kila siku nne au tano. Usilete jambo hili kama lawama siku mmegombana. Lilete siku mmepika pamoja, na uombe uanze zamu wewe. Anayeanza zamu ni vigumu kumkatalia.

Kuhusu makesha. Mimi ni mtu wa kusali, wanaonijua wanajua. Kikundi cha sala homu kinasaidia wasichana wengi kuliko sisi wenye ofisi, kwa sababu kipo pale, ni bure, na ukikosa kuja mtu anauliza uko wapi. Lakini kesha tatu kwa wiki kwa mtu ambaye pengo lake ni usingizi, hapana. Nenda zile za mchana. Na atakayekuambia machozi yako ni pepo, mjibu kwa adabu kwamba hata nabii Eliya alipoomba afe chini ya mti, malaika alimpa kwanza mkate na maji, akamwacha alale tena.

Nimesema reziliensi mara nyingi inaletwa na mtu. Basi utampata wapi, na mama yuko Kolwezi?

Nikuambie ya Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi na wenzake wachache, akaanza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Bibi anakaa kwenye benchi nje ya kliniki, mtu anakuja na kuongea. Kwa Kishona wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, ambalo sisi tungesema mawazo yamenikalia. Bibi hampi mtu jina la ugonjwa. Anasikiliza, kisha wanachagua pamoja tatizo moja, moja tu, na hatua moja ya kufanya kabla ya kuonana tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa watu 573, ulionyesha kwamba waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Na hapa kwetu Kongo, Kivu ya Kusini, utafiti wa mwaka 2013 uliwahusu wanawake 405 waliokuwa wamepitia ukatili wa kingono, mambo mazito kuliko haya yako. Waliofundishwa katika kundi jinsi ya kuyachunguza mawazo yao walipona zaidi kuliko waliosaidiwa mmoja mmoja, na waliowaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa wanawake wa Kongo waliofundishwa kazi hiyo.

Kwa hiyo nakupa kitu ambacho unakijua tayari. Homu gani haina likelemba? Mnachanga franka, kila wiki mmoja anapokea zote, zamu inazunguka. Tafuta wasichana wanne au watano, si lazima wa chumba chenu, mfanye likelemba ya maneno. Jumapili jioni, saa moja tu. Mwenye zamu anaongea, wengine wamekaa kimya. Akimaliza, hakuna kumpa mahubiri. Mnamuuliza: katika haya yote, ni lipi tunaloweza kuligusa wiki hii? Kama tatizo ni minervali ya baba ambayo haijafika, hamwezi kuilipa, lakini mnaweza kumsindikiza hadi ofisini kuomba apewe muda. Kama ni huzuni isiyo na jina, mnaweza kumkokota mwendo wa nusu saa jioni kabla jua halijazama. Wiki inayofuata mnaanza kwa kumuuliza lilifanyika nini. Na kama kwenye likelemba ya pesa, anayekula zamu yake kisha akakimbia, yaani anayetoa maneno ya mwenzake nje, harudi tena.

Utaogopa kuwa wa kwanza kuongea. Usianze na bafuni. Anza na kozi mbili ulizofeli. Homu nzima inaweza kusikia hilo bila kushtuka, na utaona ni nani anayekuja baadaye kukuambia na mimi pia.

Kitu kingine hujaniuliza, nitakigusa haraka. Kutoanguka si ndiyo kuwa mzima. Mwanasaikolojia Carol Ryff, mwaka 1989, aliugawa uzima wa nafsi katika mambo sita: kujikubali, kupatana na watu, kujiamulia, kuyamudu mazingira, kuwa na lengo, na kukua. Chumba cha watu tisa kinakunyang'anya hasa mawili, kujiamulia na kuyamudu mazingira. Ndiyo sababu rido na kopo la nyanya si mapambo kwangu. Na ndiyo sababu nakuomba uwe na saa moja kwa wiki ya kitu ulichokichagua mwenyewe, kisicho kozi wala kazi ya homu. Kuimba kwaya, kusuka, kutazama mpira, sijali.

Sasa kipimo cha muda. Kama machozi, kukosa usingizi na kutotaka chochote vimekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hiyo tunaitibu, hatuingoji iishe. Kwako ni tangu Oktoba. Kwa hiyo zamu ya maji na likelemba uvifanye, lakini uje pia uonane na mtu wa kazi hii uso kwa uso. Sitaki barua hii iwe kisingizio cha kutokwenda.

Na mama. Ndiyo, mwambie. Unaogopa atapanda basi siku ileile, au atasema uache masomo urudi. Wamama wa Kolwezi nawajua, mmoja alinizaa. Mpigie Jumapili mchana, ametoka kanisani, ameshakula, amekaa. Usimpe yote kwa mara moja. Mwambie, "Mama, silali, tangu Oktoba, na kesho nakwenda kupimwa damu." Atakuuliza maswali kumi. Jibu mawili, kisha umuombe akupigie kesho yake usiku saa tatu, akuulize majibu.